Kipindi cha Dini cha Mama Kwa Nini

Mwaka mmoja umetimia, Mama, tangu ulipotutoka, na nyumba hii bado haijapata mtu mwingine wa kutuuliza "kwa nini" kabla hata ya chai ya asubuhi.

Wanafunzi ndio waliokubandika jina hilo, Mama Kwa Nini, wakidhani hujui. Ulijua, tena ulilipenda. Miaka ishirini na sita ulifundisha somo la dini katika shule ya msingi ya kanisa, na mtoto akikujibu kwamba Mungu ni mwema, hukumwekea vema papo hapo. Ulisimama mbele ya dawati lake, mikono nyuma, ukamwuliza kwa nini. Hukuwahi kufundisha umekaa. Baba, ambaye ni fundi viatu, alikubadilishia soli kila muhula huku akilalamika kwamba soli moja huisha kabla ya nyingine, kwamba mguu wako mmoja ni wa mwalimu na mwingine ni wa askari. Naye ukamwuliza kwa nini. Akaendelea na gundi yake.

Kalamu nyekundu ulikuwa nayo, lakini daftari za dini ulizisahihisha kwa penseli. Ulisema mtoto anayeandika habari za Mungu asikatwe kwa wino. Aliyechelewa ulimwekea nafasi karibu na mlango, ili asipite mbele ya wenzake akiona aibu.

Leo tunasimulia ile siku ya mkaguzi, kwa sababu ulikuwa unatukatiza kila tulipoianza mbele ya wageni. Leo hutukatizi.

Wiki moja kabla, mwalimu mkuu alikuita ofisini. "Mwalimu, watoto wako wanauliza mno, kukariri hawakariri. Mkaguzi wa dini akija wakakosa hata sala, kipindi nampa mwenzako. Usije ukanilaumu." Uliogopa, Mama. Tulikuona jikoni ukikoroga chai ambayo hukuitia sukari. Kipindi kile kilikuwa roho yako. Lakini watoto hukuwakaririsha.

Mkaguzi akaja na faili lake, akaketi nyuma ya darasa la tatu, akanyoosha kidole bila kuchagua. Kidole kikamwangukia kitinda mimba wako. Akasimama, akafumba macho, akasali vizuri Sala ya Bwana mpaka pale tunapoomba tusitiwe majaribuni. Hapo akasema, kwa sauti kali kama kengele ya mapumziko, "majaribioni." Majaribio aliyoyajua yeye yalikuwa yale ya kila Ijumaa, ya karatasi na maswali kumi. Hakuna mtoto aliyecheka, maana nusu ya darasa walikuwa wakisali hivyohivyo. Aliyekohoa ni mwalimu mkuu, pale mlangoni.

"Huyu mtoto ni wa nani?" mkaguzi akauliza.

Ungeweza kusema ni wa darasa la tatu. "Ni wangu," ukasema. "Nimemzaa mwenyewe."

Kisha ukachutama mbele yake. "Kwa nini hutaki Mungu akutie majaribioni?"

"Kwa sababu maswali yakiwa magumu, jicho langu linaenda kwenye karatasi ya jirani."

"Unalipeleka wewe?"

"Linataka lenyewe, mwalimu. Mimi sitaki. Ndiyo maana naomba."

Ukainuka, ukamgeukia mkaguzi. "Neno nitalirekebisha leo hii. Maana yake ameshaipata."

Mkaguzi aliandika kwa muda mrefu. Alama alikupunguzia, kipindi akakuachia. Ulifika nyumbani unacheka na kulia kwa pamoja, ukatutangazia kwamba umekuwa wa mwisho katika walimu wote waliokaguliwa. Baba alikuvua viatu, akakuwekea soli mpya siku hiyohiyo, na muhula ulikuwa hata haujafika katikati.

Tulipokuzika, mchungaji alituongoza katika sala ileile. Alipofika pale, safu mbili za nyuma zikasema kwa nguvu, "majaribioni." Mchungaji akasita, akaangaza macho kutafuta waliokosea. Walikuwa watu wazima: muuguzi, dereva wa lori, fundi umeme, mama mmoja na mwanawe mgongoni. Lilikuwa darasa lako la tatu. Baba alicheka machozi yakimtiririka, na sisi wanao tulijivuna kuliko siku yoyote ya maisha yetu.

Muhula huu kitinda mimba wako amekabidhiwa kipindi chako. Anasahihisha kwa penseli. Baba ameshambadilishia soli mara moja, na kasoro ameiona palepale, kwenye mguu wa askari. Mkaguzi mpya anakuja mwezi ujao. Mwanao anaogopa, Mama, na chai yake siku hizi haina sukari. Lakini watoto hawakaririshi.

Unakumbukwa na mumeo, wanao watatu (mwashi, mshonaji na mwalimu), wakwe zako, wajukuu zako wanne, ambao wameanza kutuchosha kwa maswali, dada yako na shemeji zako, walimu wenzako wote, pamoja na yule mwalimu mkuu, ambaye sasa amestaafu na amekuja mwenyewe nyumbani kuomba asisahaulike katika orodha hii.

Tutakukumbuka daima, Mama. Na ukituuliza kwa nini, safari hii jibu tunalo.