Mtoto Asiyeomba

Jumatatu, 9 Februari 1998
Kukoroga maziwa ya wagonjwa tena. Mikono inanuka mgando hata baada ya sabuni. Nzi kila kikombe. Uuguzi hapa Garsen, na matope haya, umenichosha.

Leo kaletwa Habiba, mtoto wa Kiorma, miaka miwili, mifupa mitupu. Ng'ombe wao walikwisha na mafuriko. Kikombe anakigeuzia uso. Bibi yake anajisifu: "Mtoto ya sisi hapana omba chakula." Kwao mtoto wa kuomba ni aibu ya nyumba. Nilitaka kupiga kelele.

Jumanne, 10 Februari
Nimemweleza bibi. Tumbo likiwa tupu, mwili hupeleka habari kichwani, na kichwa ndicho kinachodai chakula. Mtoto akidhoofika sana, mwili huacha kudai. Kimya cha Habiba si adabu, ni ugonjwa. Hamu ikirudi, atapona. Isiporudi, tutamzika.

Bibi kaitikia eeh, eeh. Habiba tumemtia mpira wa kulishia puani. Akatapikia sare yangu. Ptu!

Alhamisi, 12 Februari
Habiba kalala mchana kutwa. Haamki hata nikimfinya. Chini ya mkeka nimekuta vidonge vya hamu ya kula, vile wanavyomeza wasichana wanaotaka makalio makubwa. Kumbe somo langu lilimwingia bibi: alikwenda sokoni kununua njaa! Kavisaga, kavitia kwenye maziwa yanayopita mpirani. Dawa hiyo ina wagonjwa wake, kwa kipimo cha daktari. Huyu imemlaza tu.

Nimemfuata mchuuzi. Anacheka, meno yote nje. "Sista, si nyinyi mnataka wale chakula?" Nimetema mate mbele ya meza yake. Sijutii. Chakula cha mchana kimenishinda kwa kinyaa.

Ijumaa, 13 Februari
Anapumua, maziwa ya mpira yanaendelea. Basi. Bibi hanitazami. Nami simsemeshi, nitamtukana.

Jumapili, 15 Februari
Asubuhi kelele wodini. Habiba yuko macho, analia, anang'ang'ania kikombe cha mtoto wa kitanda cha pili. Bibi kamziba mdomo haraka, anaangalia huku na huku kwa aibu.

Kisha akauondoa mkono. Akamwacha alie. Akasimama, akajitanda vizuri, na mbele ya wanawake wote akasema kwa sauti, "Sista, naomba maziwa."

Nikampa.