Nani Anausukuma Mkono wa Baba Neema?

Rågsved, Jumanne, Novemba 2011

Saa tisa alasiri, na huku kaskazini mwa Ulaya giza linaingia. Mvua inanyesha polepole. Tangu asubuhi moyo ulikuwa mzito bila sababu. Sasa sababu ninayo.

Mtaalamu wa mazoezi wa hospitali alinipigia simu kazini, anacheka kwa furaha. Ile roboti waliyotufungia sebuleni hushika mkono wa kulia wa mume wangu, Baba Neema, uliopooza alipopata kiharusi, na kuwapelekea taarifa za nguvu anazotia mwenyewe. Inasema mkono unaamka. Kwa hiyo Ijumaa watakuja kuichukua wampe mgonjwa mwingine.

Nililia kwa furaha. Kisha nikakumbuka kijiko. Jana jioni kilimponyoka tena, nikamlisha uji mimi.

Mkono gani huo, unaamka mchana halafu unalala wakati wa kula?

Nikaomba ruhusa, nikarudi mapema. Nikawakuta wazee wa kikundi cha maombi, ambao huja kumjulia hali nikiwa kazini. Mzee Byamungu alikuwa ameweka kiganja juu ya mkono wa Baba Neema, anasukuma kwa nguvu zake zote. Kwenye skrini ya roboti, mpira wa ule mchezo wa mazoezi ukaingia kikapuni, ukahesabiwa kuwa ni nguvu za mume wangu. "Amina!" wenzake wakaitikia.

Watu wetu hawawezi kunywa chai huku mgonjwa anatokwa jasho peke yake. Kwao hiyo ni dhambi. Siwezi kuwalaumu, lakini nimewakasirikia sana.

Walipoondoka nikamwambia ajaribu mwenyewe. Nikasubiri. Mpira haukutikisika.

"Usibaambie bantu ba hospitali, Mama Neema," akasema kwa lafudhi ya nyumbani, macho dirishani. "Bandugu balifanya kwa upendo. Na mimi nilianza kuamini ni mukono yangu."

Hospitalini walituambia miezi hii ya mwanzo ndiyo yenyewe, ikipita mkono unazoea kulala. Tumeshaipoteza mingapi kwa chai na amina? Nikinyamaza, Ijumaa mashine inaondoka. Nikisema, nimemwaibisha yeye pamoja na wazee wake.

Naogopa. Mficha maradhi kifo humuumbua, na humu ndani sasa tunaficha wawili.

Naandika haya jikoni. Sebuleni ameiwasha tena, peke yake. Nasikia mota inavuma, inamngoja asukume. Mlio wa mpira kuingia kikapuni sijausikia bado.

Asubuhi nitampigia mtaalamu kabla sijavaa koti. Baba Neema atanichukia, najua.

Bora anichukie akiwa na mikono miwili.