Chungu Alichokigonga Atupele

Jumatatu, 7 Juni 1954
Madaftari ya darasa la tatu yamesahihishwa, chai imepoa. Atupele amesimama tena mbele ya ukuta. Wiki ya tatu hii. Picha anazipata kwenye magazeti makuukuu, yale wanayofungia sukari dukani, anazibandika kwa uji wa muhogo. Sabuni, baiskeli, dawa ya meno. Katikati yuko mwanamke wa tangazo la sufuria, mkono kiunoni, kucha safi kama hajawahi kumenya ndizi. Binti yangu ana miaka kumi na sita na anajifunza kusimama upya. Nikamwambia kiuno kitamuuma. Hakucheka.

Udongo wa vyungu haugusi tena. Unaingia kwenye kucha. Mama yake kafinyanga peke yake tangu asubuhi. Nilijitolea kusaidia, nikafukuzwa. Kwa haki.

Jumatano, 9 Juni
Bwana Duka ametuma ujumbe. Ndivyo tunavyomwita, duka lake liko Kyela mjini, na lori lake hufika hapa Matema kila Jumamosi ya soko. Anataka maneno mazuri ya kuuzia sufuria. Amesikia mimi ni fundi wa maneno. Aliyemdanganya simjui, ila nami niliamini.

Nimeandika: "Chungu kina siku yake. Sufuria hudumu milele." Hiyo milele nimeiazima kwenye sala. Nikaisoma kwa sauti mara mbili, nikajipenda. Mama Atupele akauliza naandika nini. Nikasema ripoti ya shule.

Mke wangu ni Mkisi, mfinyanzi, binti wa wafinyanzi. Mshahara wa mwalimu ukichelewa, ni vyungu vinavyotulisha. Ripoti ya shule. Mwoga mkubwa.

Jumamosi, 12 Juni
Lori limekuja na santuri. Watu walijaa kama siku ya Pasaka. Mama Atupele alikuwa kwenye mkeka wake, ng'ambo ya pili, na bei yake ni ile ya bibi zake: jaza chungu mpunga hadi mdomoni, mpunga wangu, chungu chako.

Bwana Duka akamwona Atupele. Akasema anafanana kabisa na mwanamke wa kwenye picha. Hafanani. Anafanana na mama yake. Akaomba Jumamosi ijayo asimame juu ya lori, avae aproni, aseme yale maneno. Mtoto akanitazama. Macho yale! Nikakubali kabla Bwana Duka hajamaliza sentensi.

Nyumbani nilitegemea vita. Mama Atupele akasema tu, "Asimame. Miguu ni yake."

Jumatatu, 14 Juni
Anafanya mazoezi tangu alfajiri. Maneno yangu yananoga zaidi kinywani mwake. Nimejisikia vibaya, na bado nimejisikia fahari. Ndivyo nilivyo.

Ila anatabasamu midomo imefungwa. Nikauliza kulikoni. Kumbe mwanamke wa picha hana mwanya. Mwanya huo ni wa mama yake. Ndio ulioniangusha mimi, miaka ishirini iliyopita, nikavuka ziwa kwa mtumbwi na kutapika njia nzima kwenda kuposa kwao Ikombe. Sasa binti yangu anauficha kwa kiganja.



Alhamisi, 17 Juni
Siku njema. Vyungu vimechomwa ufukweni. Vilipopoa mama yake akaita, bila kugeuka, "Njoo usikilize." Hakuna mwenye sikio kama la Atupele. Hugonga kwa kifundo cha kidole: kizima hulia kama kengele, chenye ufa hukohoa. Mimi vyote nasikia vinakohoa.

Alikuja, kucha safi na yote. Akagonga kimoja, kile chenye shingo nyekundu na madoa meupe. Kikalia muda mrefu. Akasema, "Mama, hiki hujawahi kufinyanga mfano wake." Mama yake akacheka. Atupele naye, mwanya wote nje.

Jumamosi, 19 Juni
Niandike upesi.

Bwana Duka alikwenda kwenye mkeka wa mke wangu. Akachagua chenye shingo nyekundu. Alilipa kwa desturi, akakijaza mpunga hadi mdomoni, akaumimina kwenye ungo wa mke wangu. Mama Atupele akashukuru, "Ndaga." Alidhani amepata mteja.

Kikapelekwa kwenye lori. Atupele alikuwa amesimama, aproni nyeupe, mkono kiunoni. Wakampa. Alikitambua. Niliona kidole chake kikigusa ubavu wa chungu, kidogo tu. Bwana Duka akamwambia aseme, kisha akiachie.

Akanitafuta kati ya watu. Akaniona. Angeniona nikitikisa kichwa tu, asingefanya. Najua. Yeye pia anajua. Niliangalia santuri.

"Chungu kina siku yake," akasema. Akakiachia.

Watu wakacheka, wakapiga makofi. Sufuria zikagombaniwa. Mama Atupele akavuka soko, akaokota vigae kimoja kimoja, akavifunga kwenye kitenge. Alipofika chini ya lori akainua uso.

"Ulikigonga mwenyewe, mwanangu."

Basi. Akaenda zake, na ule ungo wa mpunga.

Jumapili, 20 Juni
Kanisani. Zamu yangu kusoma. Nilisema koo linauma.

Jumanne, 22 Juni
Atupele kabandua picha zote. Uji wa muhogo ni gundi kali. Macho ya mwanamke wa sufuria yamebaki ukutani, yanatutazama tukila. Bwana Duka kampa mtoto sufuria, zawadi. Iko kona. Udongo umefunikwa kwa majani ya migomba, haujaguswa. Mke wangu anafagia. Anafagia palipofagiwa.

Nimekiri kwake kwamba maneno yalikuwa yangu.

"Nilijua," akasema. "Nani mwingine hapa Matema anaweza kuipa sufuria milele?"

Ingekuwa zamani tungecheka.

Ijumaa, 25 Juni
Lori litapita kesho. Bwana Duka anamtaka Atupele kwa masoko ya Bujonde na Makwale. Mtoto amekataa mwenyewe. Nilimweleza mama yake kama habari njema. Akasema sawa, kama mtu aliyeambiwa mvua imenyesha Tukuyu.

Jumamosi, 26 Juni
Siku ya soko. Hatukwenda. Santuri inasikika mpaka hapa.

Atupele alifunua udongo, akaulowanisha, akaufunika tena. Kucha zake zimekuwa nyeusi. Alipita karibu na mama yake, mikono mbele, ili ionekane. Sijui kama ilionekana.

Mpunga wa Bwana Duka bado uko kwenye ungo, uani, tangu siku ile. Atupele akauliza kama autwange. Mama yake akasema, "Acha kwanza."

Nimekaa mlangoni na madaftari. Kuku wameupanda ungo, wanadonoa. Sisi watatu tunawaona. Hakuna anayewafukuza.