Masale Mlangoni kwa Mama

Soweto,
S.L.P. 1187,
Moshi.
12 Juni 2024

Mpendwa mdogo wangu Aminieli,

Shikamoo yako ya kwenye simu niliipokea, marahaba. Hamjambo huko Mtwara? Wifi Kindness na mtoto Rodney wanaendeleaje? Natumaini pweza hawajakusahaulisha machalari yetu ya ndizi. Sisi tupo, ila usingizi umenipaa. Naandika kwa sababu kwenye simu ningelia.

Kazi yangu ya maabara ni ileile, kulisha panya weupe na kuwapima uzito na sukari. Sasa watafiti wanachunguza chakula na maonevu. Panya mpole anawekwa kizimba kimoja na panya mkorofi, katikati kuna kizuizi cha plastiki chenye matundu. Hang'atwi. Anamwona tu mwenzake na kunusa harufu yake mchana kutwa. Wengine wanakula chakula kilekile cha mafuta bila jirani huyo, na wamenenepa kiasi. Yule mpole kavimba tumbo na sukari yake imewapita wote, wakati kula hajawazidi.

Nilimhurumia kama panya tu, mpaka Jumapili nilipopanda kijijini nyumbani kwa Mama baada ya ibada.

Baba mdogo Wilson amepanda safu ya masale, ile mimea yetu ya mipaka, katikati ya uwanja, karibu kabisa na mlango wa jiko la Mama. Anadai kihamba cha marehemu Baba, shamba letu la urithi, hakiwezi kukusubiri wewe kitindamimba mrithi uliyehamia pwani. Kila asubuhi anaweka kigoda upande wake na kumtazama Mama akikamua ng'ombe. Hampigi wala hamtukani. Anakohoa tu. Mama akisikia kile kikohozi, anaacha kukamua na kuingia jikoni.

Zahanati wamempima, sukari iko juu mno. Alikuwa anakula mtori wake na maziwa yake kama miaka yote. Wakamwambia apunguze ndizi, kapunguza, na bado haishuki. Najua binadamu si panya, na watafiti wenyewe wamenionya nisikimbilie kulinganisha. Lakini naogopa, Aminieli. Naogopa sana.

Jumapili hiyo nilimkuta Mama ameshika jani la sale lililofungwa fundo, lile la kuombea radhi. Nikafurahi, nikidhani Wilson amekuja kuomba radhi. Kumbe Mama ndiye alikuwa anajiandaa kumpelekea. Nikamuuliza amemkosea nini.

"Sijui, mwanangu. Nataka tu aache kunitazama."

Yule panya wangu naye siku hizi hulala chali kujisalimisha kabla hajaguswa.

Nilimbembeleza Mama anipe lile jani, akanipa. Nimelitia humu ndani ya bahasha. Wewe ni Mchagga, unajua sale lililofungwa fundo halikataliwi. Nalileta kwako mwenye kihamba, si kwa Wilson. Njoo uweke kigoda chako upande wa Mama.

Nisalimie Kindness, na Rodney mwambie bibi yake anamwulizia. Shangazi Elisifa anawasalimu. Mungu awatangulie njiani.

Dada yako akupendaye,
Herieth