Nyuzi Sitini na Sita

Nyumba ya kona, nyuma ya karakana ya milango
Jumapili, tarehe 16 Machi

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeketi mahali penye jua, maana najua baridi ya huko inavyoyachezea magoti yako. Lile la kushoto limepoa? Na mjukuu wako ameshaota meno yake mawili, au bado anawakesha? Sisi huku tunaendelea. Baba mguu bado anauburuta, na mkono wa kulia haujarudi sawasawa, ila ulimi umefunguka na sasa anagombana na redio kama zamani.

Wifi alijifungua wiki mbili zilizopita, mtoto wa kike, kichwa kama cha Kaka kabisa, maskini. Wote wazima.

Lile sufuria la umeme la kupikia bia ulilomtumia Baba alipostaafu bado ndilo roho yake. Miaka thelathini aliangalia boila ya hospitali, na wenzake mpaka leo wanamwita Boila. Mtu wa namna hiyo humpi kiti cha kupumzikia ukategemea atulie. Tangu kiharusi kimpate mwaka jana, yeye anakaa kwenye kigoda na kutoa amri, mimi ndiye mikono. Bia tunaipikia katika kile chumba cha kufulia nguo, chenye dirisha moja dogo la nondo na mlango mmoja.

Kazi yenyewe ukiisikia utasema ni rahisi. Unapasha maji moto, unamwaga kimea kilichosagwa ndani ya kikapu cha chuma, kisha kwa saa nzima pampu inavuta yale maji matamu kutoka chini na kuyarudisha juu, yachujike tena kupita kwenye kimea. Joto likae nyuzi sitini na sita. Likishuka sana, bia inatoka nyepesi kama maji ya kuoshea glasi. Likipanda, inabaki tamu na nzito. Tatizo ni kwamba kile kioo cha namba kinasoma joto la chini, karibu na koili inayopasha maji. Kinaweza kukuonyesha sitini na sita huku kimea cha katikati kina sitini na moja. Ndiyo maana Baba ananitaka nichomeke kipimajoto cha mkono pale juu kila baada ya dakika kumi, na koki ya pampu niifungue robo tu. Ukiifungua yote, maji yanakikandamiza kimea kinashikana kama udongo. Hayapiti tena, yanafurika juu, na huko chini koili inaunguza yale machache yaliyosalia. Haya yote nimeyajua kwa kukosea, Baba akihesabu makosa yangu kwa vidole vya mkono ule mzima.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu.

Mwezi uliopita niliomba kazi ya kupima maji kwenye mtambo wa mji mwingine, safari ya saa saba kwa basi. Cheti cha maabara ninacho tangu nikiwa na miaka ishirini na minne, Shangazi, na sasa nina thelathini na mmoja. Huko nyuma nimeshaitwa kwenye usaili mara mbili, na mara zote mbili, siku ya safari, Baba alizidiwa. Kwanza presha, mara ya pili kizunguzungu. Jioni yake anakula vizuri. Sikumshuku. Nilijilaumu mwenyewe kwa kuwaza kuondoka.

Safari hii niliitwa Ijumaa, saa mbili asubuhi, kwa hiyo ilinipasa kupanda basi la Alhamisi saa sita mchana. Begi lilikuwa tayari pale sebuleni. Asubuhi hiyo Baba akaniambia kimea kimeshasagwa, rafiki yake kinyozi alimsagia jana yake, na kikilala tena kitapoteza nguvu. Saa moja tu, kisha niende. Nikapiga hesabu nikaona nitawahi. Simu nikaiacha jikoni kwenye chaji, nikaingia, na Baba akafunga mlango nyuma yetu ili, alivyosema, joto lisitoroke.

Ilipofika kama saa tano nikataka kwenda kuangalia saa. Mlango haukufunguka.

"Umevimba kwa mvuke," Baba akasema. "Mbao hizo nazijua."

Nikavuta, nikapiga bega, nikaita kupitia dirishani. Karakana walikuwa wanakata chuma. Hata wangekuwa wananipenda wasingenisikia.

"Acha mlango, angalia joto," akaniambia.

"Baba, basi langu."

"Basi lipo. Namba imeshuka, sitini na nne."

Nikarudi kwenye sufuria. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Nadhani hata nyumba ikiungua, Baba ataulizia kwanza imefika nyuzi ngapi, nami nitakwenda kupima. Kwa haraka yangu niliongeza moto, nikafungua koki yote ili joto lipande upesi, kisha nikarudi mlangoni na mwiko mkubwa nikijaribu kuuchokoa.

Nilichosikia kwanza ni maji. Kimea kilikuwa kimeshikana, yale maji ya moto yamefurika ukingoni na yanamwagika mapajani kwa Baba, naye kwenye kigoda chake hawezi kusimama bila kushikwa. Nilimvuta kigoda na yeye mwenyewe, nikamvua ile aproni ya ngozi aliyotoka nayo kazini. Ngozi nene ndiyo iliyomwokoa, hakuungua popote. Lakini nilipoitupa chini, ufunguo ulitoka mfukoni mwake ukalia kwenye sementi.

Tuliutazama wote wawili.

"Nilitaka basi liondoke," akasema. Hakuinua sauti. "Ukienda, nitabaki na nani anayejua kusoma kipimajoto?"

Hakuuliza atabaki na nani wa kumpikia, wala wa kumshika akienda kuoga. Hayo hawezi kuyatamka.

"Na ile presha?" nikamuuliza. "Na kile kizunguzungu?"

Akageuza macho kwenye sufuria. "Koroga kimea," akasema, "kitaungua chini."

Nikaokota ufunguo, nikafungua. Hewa ya nje ilinipiga usoni, na kutoka pale kizingitini niliona saa ya jikoni: saa sita kasoro dakika ishirini. Stendi ni mwendo wa dakika kumi. Ningekimbia na nguo zangu zilizolowa ningelipata basi. Nikarudi ndani, nikazima pampu, nikakoroga mpaka kimea kikaachia, nikafungua koki robo, nikachomeka kipimajoto na kusubiri. Honi ya basi niliisikia ikipita barabara kubwa nikiwa nimeshika mwiko. Mlango ulikuwa wazi, Shangazi, nami nilibaki.

Ijumaa niliwapigia wale watu wa mtambo. Mama aliyepokea alikuwa muungwana, akanipa siku nyingine: Ijumaa hii inayokuja, saa ile ile. Kwa hiyo basi ni Alhamisi, tarehe ishirini.

Baba anaishi kama hakuna kilichotokea. Kinyozi aliambiwa kwamba mlango ulivimba. Bia iko ndani ya ndoo inatoa mapovu, na kila asubuhi Baba ananieleza jinsi tutakavyoijaza kwenye chupa mimi na yeye mwezi ujao. Ninaitikia ndiyo. Nasikia sauti yangu ikiitikia.

Kinyozi nimemwambia ukweli wote. Yeye ni mjane, anashinda hapa kila siku, na amekubali kuhamia chumba cha nyuma kwa muda. Jana Baba aliposinzia mchana nilimfundisha koki na kipimajoto. Mikono yake ni mitulivu kuliko yangu. Baba bado hajui lolote; nitamwambia Jumatano, na hapo ndipo ninapoogopa, kwa sababu najua nitapata kusikia tena kuhusu presha.

Wasalimie binamu zangu wote, na yule mkweo mcheshi, na mbusu mjukuu mashavu yote mawili. Kaka na Wifi wanakuamkia. Baba naye anakusalimu sana, alisema nikuandikie kwamba sufuria linafanya kazi vizuri. Mungu akutunzie afya na akupe usingizi mzuri.

Jambo la mwisho. Najua barua hii itakufikia Alhamisi ikiwa imeshapita. Wewe ndiye uliyemlea Baba, na ni wewe peke yako ninayekuogopa kuliko yeye, ndiyo maana nimekuandikia kabla ya kumwambia. Ukimaliza kuisoma, piga simu hapa nyumbani. Akipokea Baba, zungumza naye kwa upole, atakuwa mpweke. Nikipokea mimi, usinisalimie, Shangazi. Niulize tu nimebaki kwa nini.

Mwanao akupendaye na kukutegemea,
Kitindamimba