Mfaransa Wako, Sifa Zangu

Khalfan, sahibu yangu,

Wanijua mie, si mtu wa kukosa la kusema. Nimefika Paris mara mbili, nimechekesha mabalozi, nimechekesha hata askari wa uwanja wa ndege. Lakini bintiyo Zuwena kanifunga mdomo.

Ilikuwa siku ya tatu ya azaa, ya matanga yako, kwenu mtaa wa Mawaleh. Wanaume washatawanyika, nami navaa ndara mlangoni, akanifuata. "Ami, siku moja uje utuhadithie yule mchekeshaji wa Kifaransa, vile ulivyokuwa ukimfasiria Baba."

Mie? Kifaransa changu mie ni salamu na kuagiza kahawa. Wewe uliyezaliwa Bujumbura, ukasoma skuli kwa Kifaransa, ndiye uliyekuwa ukisimamisha kanda yake ya video kila dakika ukinifasiria. "Ngoja kwanza, unacheka mapema." Wewe ndiye uliyenihadithia maisha yote ya mchekeshaji huyo: alivyoanza redioni kwa sauti tupu, televisheni ikaja kuionyesha ile sura ya mtu aliyemeza ndimu, akaimba nyimbo ya kipuuzi, Ufaransa nzima ikaikariri. Kisha ile filamu ambayo hachekeshi hata kidogo. Ulilia. Nikakucheka.

Yote hayo nikayatapanya kwenye maarusi ya mtaani kwetu Azaiba kama yangu.

Na kwa nini ulinyamaza, naijua sababu. Siku uliyojaribu kuhadithia mwenyewe mbele ya watu, nilikukata: "Kiswahili cha bara hicho, mpeni maji kwanza." Watu wakavunjika mbavu. Hukujaribu tena. Ukawa unakaa nyuma, unavicheka vichekesho vyako mwenyewe, mkono umefunika meno. Kumbe na nyumbani ukawaambia wanao ni vyangu. Kwa nini, Khalfan? Bora ungenitukana, ningepata usingizi.

Nilimjibu Zuwena, "Inshallah, mwanangu." Nikaenda zangu. Hata pale, na kaburi lako bado bichi, nikashindwa kusema.

Ijumaa hii narudi. Nitamwambia yeye na nduguze nani alikuwa akifasiri, na nani alimziba mwenzake mdomo. Nitawaomba wao radhi, maana wewe nimekuchelewa. Na Mungu akurehemu, sahibu, akupe wasikilizaji wema kuliko mie.

Kisha nitamwomba Zuwena ahadithie yeye, kwa Kiswahili chako kile kile. Mie nitakaa nyuma, pale pahala pako, na wallahi sitacheka mapema.