Mfyulisi wa Baba

Jumatatu, 4 Agosti

Nikiumwa mimi siku moja, nusu ya Mbeya inalala na njaa. Sisemi kwa kujisifu. Mashine za kusaga za hapa Uyole zinaijua sauti yangu. Leo nimebadilisha beringi, nimekaza mkanda, nimepiga teke moja la kitaalamu, mashine ikanguruma. Mama mmoja mwenye debe la mahindi akasema, "Fundi Festo, wewe ni daktari." Nikamrekebisha. Daktari anatibu mtu mmoja mmoja.

Mchana kapita Neema, rangi mpaka viwikoni. Ni mpwa wangu, binti wa mdogo wangu Velonika. Anafundisha chekechea hapa hapa mjini. Baba yake alishatangulia, kwa hiyo kwenye sendofu yake, sherehe ya kumuaga kabla ya harusi, tarehe 23 kule kwao Kilolo, wa kusimama kunena ni mimi mjomba. Nani mwingine? Hotuba ninayo. Ni ile ya chui. Nimeshaitoa kwenye harusi kumi na msiba mmoja.

Ila Neema ana mambo yake. Anataka wakubwa wa familia tuchore miti, picha zitundikwe ukumbini. Siyo mti wa kuangalia na kuiga. Mti unaotoka wenyewe mkononi. Halafu unaandika kilichokujia. Ndiyo kanipa daftari hili. Nimeishia la tano, lakini la tano la enzi zetu ni digrii ya leo.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimechora.

Kwa Neema, sakafuni, juu ya mfuko wa salfeti. Baridi ya kukata masikio. Kasema nifumbe macho, nipumue, nichague rangi bila kufikiri. Na nisifute. Nikamwambia rangi nazijua, niliwahi kupaka basi zima jekundu na trafiki akalipigia saluti. Akacheka. "Sawa mjomba. Leo paka mti."

Nilipanga mkaratusi. Mti mrefu, umenyooka, kama mimi. Mkono ukakataa. Haki ya Mungu, ukakataa. Ukatoa kijiti kifupi kimepinda, tawi moja la chini limevunjika, linaning'inia. Halafu vidole vikaenda kwenye rangi ya waridi, vikadonoa donoa kila mahali.

"Mti gani huu, mjomba?"

"Mkaratusi."

"Wenye maua ya waridi?"

"Wa zamani."

Sikuipenda picha ile. Niliitazama mpaka chai ikapoa.

Jumapili, 10 Agosti

Kanisani sikusikia mahubiri. Mkono wa kushoto unawasha pale penye kovu. Mistari mitatu, kutoka kiwikoni kushuka. Ndipo chui aliponishika, watu wote wanajua. Miaka mingi haujawahi kuwasha.

Jumanne, 12 Agosti

Neema kamtumia mama yake ile picha kwenye simu. Nani kamtuma?

Velonika kanipigia niko chini ya mashine. Hakuna kamwene, ile salamu yetu, hakuna habari za huko. Anasema, "Kaka, umechora mfyulisi wa baba."

Nikasema ni mkaratusi.

"Tawi la chini limevunjika. Mimi sijui mkaratusi unaovunjikia hapo."

Nikajidai natafuta spana. Mashine ikazimika ghafla, mnafiki.

Halafu akasema polepole, bila hasira, na hilo ndilo limenitisha. Kwamba miaka yote hii, kwenye kila shughuli, yeye ndiye anayelia ndani ya hadithi yangu. Chui anaruka, kaka shujaa anamrukia, na Velonika kalala chini anatetemeka na kupiga mayowe. Watu wanacheka. Na yeye anacheka, atafanyaje. Lakini kwenye sendofu ya mwanawe hapana. "Ukimtaja chui, nanyanyuka natoka ukumbini. Neema atabaki na wewe na chui wako."

Akakata.

Binti hana baba, halafu mama anyanyuke mbele ya wakwe. Aibu hiyo haifutiki. Lakini nikiondoa chui, mimi nabaki na nini cha kusema? Bila chui mimi ni mtu wa kukaza mikanda.

Nimekasirika. Ugali sijamaliza.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimejaribu hotuba nyingine mbele ya kioo. Ndoa ni uvumilivu. Ndoa ni kusameheana. Nimejichosha mwenyewe.

Nikajaribu kumpunguza chui awe paka pori. Haijasaidia.

Jumamosi, 16 Agosti

Picha ya pili. Karatasi kubwa, ya kubandikwa ukutani. Neema hakuniuliza kuhusu mama yake, ingawa anajua. Amerithi kunyamaza kule kwa mama yake.

Mti ukatoka ule ule. Nimeshachoka kubishana na mkono. Maua, tawi, kila kitu. Halafu chini, mahali pa shina, nikaanza kuchora mzizi. Mzizi mnene, umeinuka kutoka ardhini, umebeba kitu kikubwa kuliko wenyewe. Nikaona nimepatia. Nikachovya brashi ndani ya chai nikidhani ni maji.

Neema akainama. "Mjomba, huu mzizi mbona una miguu?"

Nikatazama. Una miguu kweli. Miwili, miembamba, peku. Na kile ulichobeba kina kichwa, na mkono mmoja unaning'inia kama lile tawi.

Nilicheka. Halafu nikawa sicheki. Neema kanipa kanga yake nifute uso. Nimemwambia ni rangi imeingia machoni.

Basi nitaandika, maana hapa hakuna wa kunipigia makofi.

Baba alikuwa na mfyulisi mmoja nyuma ya nyumba. Fyulisi ni yale matunda ya manyoya, watu wa Dar wanaita pichi. Miche aliitoa mbali, mmoja tu ukashika. Alitukataza kuugusa. Nilikuwa na miaka kumi na moja, Velonika tisa. Ulikuwa umechanua, nikapanda. Tawi likakatika, kijiti kikanichana mkono mara tatu, mguu ukateguka. Hapakuwa na mtu nyumbani. Velonika akanifunga mgongoni kwa kanga ya mama, mimi mkubwa, yeye mdogo, akanibeba mpaka zahanati. Mlima kupanda, mlima kushuka.

Zahanati palikuwa na nesi mgeni kutoka Pwani. Kaniuliza nimefanywa nini. Nikasema, "Fyulisi."

Hakuwahi kusikia neno hilo. Akaangalia mistari mitatu mkononi. Akauliza, "Anauma sana huyo fyulisi?"

Nikasema anauma sana.

"Yuko wapi sasa?"

"Yuko nyumbani kwa baba. Amesimama."

"Amefungwa?"

"Hapana. Amesimama tu."

Nesi akashika kichwa. Velonika akafungua mdomo, nikamfinya. Kwenye karatasi ikaandikwa kaumwa na mnyama. Baba akasoma karatasi, akauliza mnyama gani. Nilikuwa namwogopa kuliko chui. Kwa hiyo nikasema chui.

Na baba akanitazama. Hajawahi kunitazama vile. Akaita majirani. Akachinja jogoo. Siku ile ile akaliona tawi, akauliza nani kalivunja. Velonika akasema ni yeye.

Jogoo nikala mimi, fimbo akala Velonika.

Na kwa vile nimeumwa na mnyama, nikadungwa zile sindano za kichaa cha mbwa. Kuzunguka kitovu, kila asubuhi. Kwa kung'atwa na mti. Velonika alinisindikiza kila siku, anachechemea kwa zile fimbo, mimi nachechemea kwa ule mguu.

Jumatano, 20 Agosti

Nimefika Kilolo. Ndani ya basi abiria wa pembeni kaniuliza kovu la nini. Mdomo ukafunguka wenyewe: chui. Tabia ni ngozi. Mpaka Mafinga yule chui alishakuwa na mke.

Velonika kanipokea kwa kamwene fupi. Kanipa maji ya kunawa, kanipa ugali na mboga ya maboga, hakukaa. Anaongea na masufuria. Nimemtazama mgongo. Mgongo mdogo. Nimejiuliza niliutoshaje.

Jioni nikazunguka nyuma ya nyumba, ile ile ya baba. Mfyulisi upo. Mzee, umeoza upande mmoja, lakini umechanua waridi tupu, hauna jani hata moja. Nimekuwa nikiuona kichwani mrefu kama mnara wa simu. Tawi la juu nimelishika bila kunyanyua kisigino.

Palipovunjika pameota fundo, kama ngumi.

Nikageuka, Velonika kasimama mlangoni na ungo. Nikataka kusema. Nikasema, "Mwaka huu utazaa sana." Akasema, "Unazaa kila mwaka. Wewe ndiye huji."

Jumapili, 24 Agosti

Jana ilikuwa jana.

Ukumbi umejaa, wakwe wametulia mstari wa mbele, picha zimetundikwa. Shangazi mmoja kachora mgomba, babu mdogo kachora kitu kama ufagio. Wangu katikati. Mshereheshaji akapaza sauti, "Na sasa mjomba, mtu wa chui!" Watu tayari wanapiga makofi. Velonika akashika mkoba wake. Nilimwona. Akausogeza mapajani, miguu akaiweka sawa, kama mtu anayesubiri kituo chake.

Kipaza sauti kilikuwa kizito kuliko beringi.

Nikasema, "Yule chui ana maua." Nikaonyesha picha. Nikaeleza yote. Mti, kanga, nesi, karatasi, jogoo, fimbo. Sindano nilizihesabu kwa kidole kitovuni mwangu mbele ya wakwe. Ukumbi ulicheka mpaka mpiga video akaweka kamera chini. Babu mdogo akapiga kelele, "Huyo fyulisi alikuwa dume au jike?" Nikasubiri kicheko kiishe. Nikasema, kwenye hadithi hii shujaa ni mmoja, na ndiye aliyemzaa huyu binti. Nikasema, Neema, ukifika huko kwa mumeo, ukikuta mzigo umekuzidi, kumbuka umetokea mgongo gani.

Velonika akanyanyuka.

Nikajua basi, anatoka. Akaja moja kwa moja mbele, mkoba mkononi, akaninyang'anya kipaza sauti. Akanitazama muda mrefu. Mimi najua alikuwa anafikiri nini. Kuna jambo moja sikulisema. Yeye analijua, na Mungu.

Akawageukia watu. Akasema, "Alikuwa mzito."

Akanirudishia kipaza sauti. Vigelegele. Neema analia na kucheka, poda yote imeharibika.

Jumanne, 26 Agosti

Uyole. Ukungu. Nimetundika picha ya pili karibu na swichi ya mashine, unga umeshaikalia. Mti umekuwa kama umepigwa na theluji. Mama mwenye debe kauliza nani hao chini. Nimemwambia ni mdogo wangu, kanibeba. Akasema, "Kumbe." Nikaendelea kukaza mkanda.

Velonika kanipigia asubuhi. Kaanza na kamwene, kamaliza na habari za kuku. Kasema mafyulisi yakiiva nije niyachume mwenyewe, ila nitumie ngazi.

Daftari bado lina kurasa. Naandika hili halafu nalifunika.

Siku ile, njiani kwenda zahanati, kwa maumivu na woga wa baba, nilimkojolea mgongoni. Mara mbili. Nesi alipouliza kwa nini kanga imelowa, Velonika akasema mvua.

Ilikuwa kiangazi.